Vitundu vya Majani na Neno "Daima": Maoni Juu ya Ufundishaji wa Sayansi

Kila mwaka wanachuo wetu wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, somo la vitundu vya majani, ambavyo vitabuni huitwa stomata, huwa miongoni mwa masomo wanayoyapenda. Ni somo fupi. Mchoro wake ni rahisi kuuchora ubaoni, maelezo yake hukaa katika sentensi mbili, na sentensi hizo mbili hutosha kujibu swali la mtihani. Mwalimu huingia darasani akiwa na hakika, na hutoka akiwa ameridhika.

Katika makala haya tunapenda kutoa maoni kwamba somo hilo, kwa jinsi tulivyozoea kulifundisha, humpa mtoto kosa moja la sayansi na kosa jingine kubwa zaidi la tabia. Kosa la sayansi laweza kusahihishwa kwa siku moja. Kosa la tabia, yaani mazoea ya kuyatilia shaka macho yake mwenyewe na kuuamini ubao, huenda likamfuata maisha yake yote. Tunasema haya si kwa kuwalaumu wanachuo, maana waliyoyafundisha waliyapata kwetu sisi wakufunzi.

YALIYOTOKEA DARASANI

Tulikuwa tumekaa nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya msingi mkoani Tanga, fomu ya tathmini ikiwa mapajani. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alikuwa amejiandaa vema. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilisikika pande zote, na mchoro wake wa jani ulipakwa chaki za rangi mbili. Aliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri: "Vitundu vya majani hufunguka mchana ili kuingiza hewa ya kabonidayoksaidi, na hufunga usiku ili maji yasipotee." Watoto wakaisoma sentensi hiyo kwa pamoja mara tatu.

Ndipo msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyosha mkono. Nje ya dirisha hilo, tangu ukingo wa uwanja wa shule mpaka chini ya vilima, palikuwa na shamba la mkonge. Aliuliza: "Mwalimu, na mkonge je? Kama unafungua vitundu mchana kutwa kwenye jua hili, mbona haukauki?"

Mwanachuo alisita, akatutupia jicho sisi, kisha akajibu: "Mimea yote ni hivyo hivyo, daima. Kaa chini, tuendelee." Msichana akakaa. Hakuna aliyenyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Nasi tulifanya nini? Tuliandika kwenye fomu maneno haya: "Amelimudu darasa vizuri," tukampa alama za juu. Tulikuwa tumesoma habari za mkonge miaka mingi kabla ya siku ile, lakini tulikuwa tumezihifadhi katika pembe nyingine ya akili, mbali na mchoro wa ubaoni. Ni jioni tu, tukiwa njiani kurudi chuoni, mkonge ukiwa kulia na kushoto kwetu, ndipo tulipotambua kwamba mtoto yule ndiye aliyekuwa amesema neno la sayansi kuliko yote yaliyosemwa asubuhi ile, naye ndiye aliyeambiwa akae chini.

Maana jibu la swali lake ni kwamba mkonge haufanyi kama mimea mingi. Mchana wa jua kali hufunga vitundu vyake. Hufungua usiku.

MLANGO NA MABAWABU WAKE

Kabla ya kuzungumzia mkonge, yafaa tujikumbushe jinsi vitundu hivi vinavyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu bado tunatumia maelezo tuliyoyanakili daftarini zamani.

Kitundu chenyewe ni nafasi tu katika ngozi ya jani. Kinacholindwa ni nafasi hiyo, na walinzi wake ni seli mbili zilizokabiliana, ambazo tunaweza kuziita seli linzi. Katika mimea kama maharage seli hizo zina umbo la punje ya haragwe. Katika nyasi, pamoja na mahindi na mpunga, zina umbo jembamba lililotuna kwenye ncha zote mbili. Katika milimita moja ya mraba ya jani mara nyingi huwamo vitundu 100 hadi 300. Hata vyote vikiwa wazi, eneo lake ni asilimia chache tu ya jani zima. Hata hivyo, kupitia katika nafasi hiyo ndogo, mmea hupata karibu hewa yote ya kabonidayoksaidi unayoihitaji kwa usanisinuru, na hupoteza zaidi ya asilimia 90 ya maji yaliyopandishwa na mizizi. Hapo ndipo penye shida ya mmea wa nchi kavu: hauwezi kufungua mlango kwa ajili ya chakula bila kufungua pia njia ya maji kutoka.

Seli linzi zikijaa maji huvimba na kujipinda, na kitundu hufunguka. Zikipungukiwa maji hulegea, na kitundu hufunga. Jambo hili lilielezwa tangu mwaka 1856 na Hugo von Mohl wa Ujerumani. Lakini ni nini kinachoyaita maji yaingie? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa sukari: F. E. Lloyd, katika kazi yake ya mwaka 1908, alieleza kwamba wanga uliomo ndani ya seli linzi hugeuka sukari, na sukari huvuta maji. Jibu hilo liliingia katika vitabu vya shule na kukaa humo. Kisha mwaka 1943 Mjapani Imamura akaonyesha kwamba potasiamu inahusika, na mwaka 1968 R. A. Fischer akalithibitisha jambo hilo kwa majaribio aliyoyafanya juu ya majani ya jamii moja ya maharage.

Leo twajua kwamba mwanga wa buluu unapoziangukia seli linzi hupokewa na protini maalumu. Nafasi ya protini hizo katika kazi hii ilithibitishwa na watafiti wa Japani mwaka 2001. Upokezi huo huziwasha pampu zilizomo katika utando wa seli, nazo husukuma ioni za haidrojeni nje. Hapo ioni za potasiamu huingia, pamoja na kloraidi. Na seli yenyewe hutengeneza malati. Ndani ya seli mchanganyiko huwa mzito, maji huingia kwa osmosisi, seli huvimba. Sukari haikuondolewa kabisa katika maelezo, lakini haikai tena peke yake kwenye kiti cha mbele.

Tumeyaeleza haya kwa makusudi. Mwalimu ajuaye kwamba jibu la kitabuni limekwisha kubadilika angalau mara moja katika umri wa babu yake hatalitamka neno "daima" kwa wepesi.

MIMEA MITATU, MAJIBU MATATU

Mwanga, basi, ni mmoja tu kati ya mabwana wanaoziamuru seli linzi. Yako mambo mengine: kiasi cha maji katika udongo, ukavu wa hewa, kiasi cha kabonidayoksaidi ndani ya jani, joto, na hata saa ya ndani ya mmea wenyewe. Mambo hayo hayatoi amri kwa zamu. Yote huja kwa pamoja, na kitundu hufunguka kwa kadiri ya jumla yake. Tuchukue mimea mitatu ambayo mtoto wa pwani anaijua.

Wa kwanza ni haragwe. Huu ndio mmea wa kitabuni. Asubuhi, udongo ukiwa na maji ya kutosha, vitundu vyake hufunguka, na giza likiingia hufunga. Lakini udongo ukikauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka katika majani. Homoni hiyo huzifanya seli linzi zitoe chumvi zake nje, maji huzifuata, seli hulegea, na kitundu hufunga, hata kama jua linawaka. Basi hata haragwe, lililo mfano wetu, huivunja sentensi ya ubaoni wakati wa ukame.

Wa pili ni muhogo. Mwaka 1984 El-Sharkawy na Cock, waliokuwa wakifanya utafiti nchini Kolombia katika kituo cha kimataifa cha CIAT, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba vitundu vya muhogo huitikia upesi sana ukavu wa hewa. Hewa ikiwa kavu, muhogo hupunguza uwazi wa vitundu vyake hata udongo ukiwa na maji. Hausubiri mizizi ipate shida. Hii ni sababu mojawapo inayoufanya muhogo ustahimili mahali ambapo mahindi yamekwisha kunyauka. Mtoto aliyelelewa kwa muhogo anastahili kulijua jambo hilo, na wakulima wa kesho wanastahili kulijua zaidi.

Wa tatu ni mkonge. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu, na kutokana na hivyo mashamba makubwa yakaanza. Mmea huu hufungua vitundu vyake usiku, wakati hewa imepoa na maji hayapotei kwa wingi. Kabonidayoksaidi inayoingia usiku haiwezi kutumika papo hapo, kwa sababu hakuna mwanga wa usanisinuru. Basi mmea huiweka akiba kwa kuitengeneza kuwa asidi ya maliki. Jua likichomoza na joto likipanda, vitundu hufunga, na ile asidi huvunjwa taratibu ndani ya jani ili itoe kabonidayoksaidi kwa kazi ya mchana. Mkonge, kwa kusema kienyeji, huenda sokoni usiku na kupika mchana milango ikiwa imefungwa.

Mimea mitatu, majibu matatu, na yote yapo nje ya dirisha la darasa. Je, ni haki kumwambia mtoto "mimea yote, daima"?

"ILI" NA "KWA SABABU"

Liko jambo jingine katika ile sentensi ya ubaoni ambalo wakufunzi hatujalikemea vya kutosha. Ni lile neno "ili". Vitundu hufunga ili maji yasipotee. Hufunguka ili kuingiza hewa. Mtoto akilisikia hivyo huona jani lenye nia, linalokaa na kuwaza kama mama mwenye nyumba anayefunga dirisha mvua ikinyesha.

Hatusemi kwamba neno hilo ni uongo. Faida ya kufunga ni kweli kuzuia maji yasipotee. Lakini faida si chanzo. Ukimwuliza mwanafunzi "Kwa nini kitundu kilifunga?" naye akajibu kwa "ili", amekueleza manufaa, hajakueleza kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba chumvi zilitoka katika seli linzi, maji yakazifuata, seli zikalegea. Hilo ni jibu la "kwa sababu". Kiswahili kimetupatia maneno mawili tofauti kwa maswali mawili tofauti. Tukiyachanganya kosa ni letu, si la lugha.

Sisi sasa huwataka wanachuo waandike majibu yote mawili, moja chini ya jingine. Mwanzoni hulalamika. Baada ya juma moja au mawili huanza wenyewe kugundua vitabu vilivyoandika "ili" mahali pa "kwa sababu", na kuja navyo ofisini wakitaka tuwaeleze. Huo ni usumbufu tunaoupokea kwa furaha.

TULIPORUDI SHULENI

Juma lililofuata tulimwita yule mwanachuo, tukamwambia wazi kwamba alama tulizompa zilikuwa zetu kwa makosa, wala hakuwa yeye aliyeshindwa peke yake. Tulimwomba arudi darasani aanze somo kwa swali la msichana yule. Alifanya hivyo, na alifanya kwa uungwana. Aliliandika swali ubaoni, akasema: "Swali hili niliulizwa hapa, nikalijibu vibaya." Darasa likanyamaza kimya. Kisha akaeleza habari za mkonge.

Alipomaliza, msichana yule akanyosha mkono tena. "Mwalimu, na nanasi je? Majani yake yanafanana na mkonge."

Mwanachuo hakututazama safari hii. Alijibu: "Sijui kwa hakika. Tutapima, tutakuja kuwaambia."

Bustanini chuoni kulikuwa na mananasi. Wanachuo sita walichuma jani alfajiri kabla jua halijachomoza, na jingine la shina hilo hilo saa kumi jioni. Waliyatwanga kila moja peke yake, wakakamua maji yake, wakayapima kwa karatasi za kupimia asidi zenye rangi nyingi. Maji ya jani la alfajiri yalionyesha asidi kali zaidi kuliko ya jani la jioni. Walirudia siku tatu.

Yapasa tuseme kwamba habari hii ni ya zamani. Mwaka 1815 ilichapishwa barua ya Benjamin Heyne, aliyefanya kazi India, akieleza kwamba majani manene ya mmea mmoja aliyoyaonja yalikuwa na uchachu asubuhi, na hayakuwa na ladha ilipofika adhuhuri. Hakuwa na chombo isipokuwa ulimi wake. Sisi hatushauri watoto waonje majani wasiyoyajua, kwani mengine yana sumu. Karatasi ya kupimia inatosha. Lakini twataka mwalimu akumbuke kwamba jambo kubwa lilianza kwa mtu aliyetazama kitu kile kile kwa saa mbili tofauti.

Mwanachuo mmoja alituuliza: "Mkufunzi, hapa tumepima asidi. Kitundu chenyewe hatujakiona kikifunguka. Tumejuaje?" Swali hilo lilitupendeza kuliko jaribio lenyewe. Tulikaa nalo kipindi kizima. Asidi imeongezeka usiku. Ili itengenezwe ilihitajika kabonidayoksaidi. Hewa hiyo ni chache sana inayoweza kupenya nta ya ngozi ya jani. Basi sehemu kubwa ya ile iliyoingia imepita vitunduni. Huu ni ushahidi wa kuunganisha hatua kwa hatua, si wa kuona kwa jicho, na mwanachuo hana budi kujua tofauti ya aina hizo mbili kabla ya kwenda kufundisha.

VIFAA VILIVYOPO

Ushahidi wa jicho nao unapatikana kwa urahisi. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani la haragwe, au la lile gugu litambaalo lenye ua dogo la buluu. Ikikauka, ibandue kwa utepe mwangavu wa gundi, uiweke kwenye kioo, uitazame kwa hadubini. Chukua jani lililokuwa juani saa tatu asubuhi, jani lililofunikwa kwa boksi kwa muda wa saa mbili, na jani lililokatwa likaachwa linyauke. Hesabu vitundu 20 katika kila moja, uandike vingapi viko wazi. Mwanafunzi atakuwa na hesabu yake mwenyewe, si ya kitabu.

Shule isiyo na hadubini haikosi njia. Jani pana likitumbukizwa katika maji ya moto, viputo vya hewa hutokea ngozini mwake, na katika majani mengi vitatokea zaidi upande wa chini. Mtoto ataona vitundu vilipo, ingawa hataona umbo lake. Na kwa kueleza jinsi kuvimba kunavyofungua, maputo mawili marefu yatatosha. Bandika utepe wa gundi kwa urefu kwenye ubavu mmoja wa kila puto, yakabilianishe mabavu yenye utepe, uyafunge pamoja kwenye ncha. Kabla hujapuliza, waulize watoto kitatokea nini. Karibu wote watasema kwamba maputo yakivimba yatabanana na tundu litazibwa. Puliza. Ubavu wenye utepe hautanuki kama ule mwingine, puto hujipinda, na tundu huonekana katikati.

Hatimaye waeleze kasoro ya mfano huo. Katika seli halisi hakuna utepe. Kazi kubwa hufanywa na nyuzi za selulosi zilizoizunguka seli kama pete za chuma zinavyolizunguka pipa. Nyuzi hizo huizuia seli isinenepe, basi hurefuka, na kwa kuwa ncha zake zimeshikamana na za mwenziwe, haina njia ila kujipinda. Mfano usiotajwa kasoro yake hugeuka kuwa sentensi nyingine ya kukariri.

PINGAMIZI TUNAZOZIJUA

Walimu wenzetu watasema: darasa lina watoto wengi, kipindi ni kifupi, muhtasari ni mrefu. Ni kweli. Lakini hatuombi vipindi vipya. Sentensi ya ubaoni yaweza kuandikwa hivi: "Vitundu vya mimea mingi hufunguka mchana, kama maji yanatosha na hewa si kavu mno." Maneno yaliyoongezeka ni machache, na mtoto aliyeyaandika hajazuiwa kuutazama mkonge.

Watasema pia: mtihani unataka jibu moja. Nasi twajibu kwamba mwanafunzi anayejua kanuni pamoja na masharti yake hatashindwa kuiandika kanuni. Anayejua kanuni tupu ndiye atakayetatizika siku swali likigeuzwa kidogo.

Pingamizi la tatu halisemwi mkutanoni, lakini ndilo lenye nguvu. Ni hofu kwamba mwalimu akisema "sijui" atapoteza heshima. Tumeeleza tuliyoyaona. Siku mwanachuo aliposema "daima", mikono ilishuka. Siku aliposema "sijui kwa hakika, tutapima", mikono minne ilinyoshwa baada yake, na mmoja wa walionyosha alikuwa mvulana ambaye mwalimu wa darasa alitueleza kwamba hajawahi kumsikia akisema neno.

TUNACHOPENDEKEZA

Kwanza, wakufunzi wa sayansi tuache kukubali maneno "yote" na "daima" katika andalio la somo, ila pale mwanachuo anapoweza kueleza kwa nini yanastahili. Pili, kila somo la mimea litaje angalau mmea mmoja uliopo karibu na shule, na mwanachuo awe ameutazama mwenyewe kabla ya kuufundisha. Tatu, fomu yetu ya tathmini irekebishwe. Ile tunayoitumia chuoni kwetu ina nafasi ya sauti, ya mwandiko wa ubaoni, ya zana na ya kulimudu darasa. Haina nafasi ya kuandika ni maswali mangapi watoto waliuliza, wala mwalimu aliyapokea vipi. Kama ingekuwa na nafasi hiyo, asubuhi ile mkoani Tanga tusingaliweza kuandika tuliyoyaandika.

Jambo hili lina uzito kwa miaka tunayoishi. Kabla ya kuenea kwa viwanda, hewa ya dunia ilikuwa na kabonidayoksaidi takriban sehemu 280 katika kila milioni; sasa zimepita 420, na kuongezeka kwake huzifanya seli linzi za mimea mingi zipunguze uwazi wa vitundu. Misimu ya mvua nayo haitabiriki kama zamani. Watoto tunaowafundisha leo ndio watakaochagua wapande nini na wapi. Watahitaji kuutazama mmea ulio mbele yao na kuuuliza unafanya nini, si kukumbuka ubao ulisema nini.

Tumekwisha kuanza kuitumia fomu yenye nafasi hiyo ya tano, kwa majaribio, katika mazoezi ya kufundisha ya muhula huu. Walimu na wakufunzi wa vyuo vingine ambao wamejaribu njia kama hii, au wanaoiona haifai, tunawaomba waandike katika jarida hili watueleze waliyoyaona.